Daraja limefunguliwa, jiko langu limezima

BIBI WA MWALONI ANAJIBU

Wasomaji wangu, mwezi huu nimechagua barua tatu. Mbili nimezisoma mwenyewe. Ile ya Kigongo nilimwomba mjukuu wangu anisomee kwa sauti, maana kila nikifika katikati macho yalijaa machozi. Nitaijibu kwa urefu kwa sababu mambo yake nayafahamu, na najua akina mama wengi wa pale kivukoni wanaulizana jambo hilohilo usiku.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kigongo, wilaya ya Misungwi. Kwa miaka 14 nimeuza chakula pale kivukoni: sato wa kukaanga, chapati, chai ya maziwa, na alfajiri uji. Meza yangu ilikuwa ya tatu kutoka getini. Magari yakipanga foleni abiria walishuka, wengine walikaa saa nzima, wengine mbili, na njaa ilikuwa haiwaachi. Niliamka saa tisa usiku kila siku. Jiko lile limemsomesha binti yangu mkubwa mpaka chuo cha uuguzi, na limenijengea vyumba viwili vya tofali.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Nilikwenda kupiga vigelegele, Bibi, na vilitoka moyoni, kwa sababu miaka ya nyuma wifi yangu alijifungulia ndani ya gari usiku tukisubiri kivuko, na mtoto hakupona. Siku chache baadaye nilikaanga samaki 30, nikauza wanne. Magari yanapita juu huko, hata vioo hayashushi. Nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, shilingi 400,000 nikidhani biashara itarudi. Haikurudi. Marejesho ni kila Jumatatu, na ikifika Jumapili jioni tumbo linaanza kunikata.

Jumuiyani wananiambia nimshukuru Mungu kwa maendeleo. Nikipiga magoti naona naongea na ukuta. Zamani mtu akiniuliza mimi ni nani, nilijibu Mama wa Kivukoni. Sasa sina jibu. Je, ni dhambi kukililia kitu ambacho kuondoka kwake ni baraka kwa wengine? Na Mungu ana kazi gani tena na mimi, nina miaka 47?

Mama wa Kivukoni, Kigongo

*

Marahaba, mwanangu. Mwangaluka.

Si dhambi. Lia. Ulipiga vigelegele kwa ajili ya wagonjwa na wazazi ambao hawatasubiri tena usiku kandokando ya maji, halafu ukalia kwa ajili ya jiko lako, na vyote viwili vimetoka katika moyo mmoja. Hakuna unachopaswa kukitubu hapo.

Wanaokuambia daraja ni jema wanasema kweli. Nimelala katika foleni ile mara nyingi, na magunia yangu ya dagaa ya kupeleka Geita, mvua inanyesha, kivuko MV Mwanza kiko ng'ambo na hatujui kitarudi saa ngapi. Nimeona gari la wagonjwa likitoka Sengerema kwenda hospitali ya Bugando limesimama upande wa Busisi, taa zinawaka, ndugu wanatembea huku na huku kwenye matope. Leo zile kilomita 3 za maji gari linazimaliza kabla wewe, Mkatoliki, hujamaliza tendo moja la rozari. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Ila shukrani ya kulazimishwa inafanana na dagaa waliokaushwa juu ya mchanga: kwa macho wamekauka vizuri, ukitafuna unasaga mchanga. Mungu hajakuomba shukrani ya namna hiyo. Fungua Zaburi ya 13 uone mtu wa Mungu anavyomuuliza: "Hata lini utanisahau, hata milele?" Fungua na ya 88. Hiyo inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja mwishoni wa kumpangusa mtu machozi. Waliozikusanya Zaburi wangeweza kuiongezea mwisho mzuri. Waliiacha vilevile, wakaiweka ndani ya kitabu cha sala.

Mimi zaburi hiyo niliijua mwaka 1996. Nikusimulie, kwa sababu umeniambia habari za ukuta.

Mdogo wangu alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alipanda MV Bukoba kuja Mwanza, na asubuhi ya tarehe 21 Mei meli ikazama, karibu kabisa na kufika. Ilikuwa Jumanne. Watu wengi mno walipotea siku ile. Tulikaa ufukweni siku nyingi tukisubiri miili, na wa kwetu hatukumtambua. Kama yumo kati ya wale waliozikwa pamoja Igoma, au yumo ziwani, mpaka leo sijui. Kila Mei 21 nakwenda Igoma naweka maua, nikijiambia kaburi mojawapo ni lake.

Baada ya hapo niliacha kanisa. Sikugombana na mtu. Niliacha tu, kama miaka miwili. Ziwa ndilo lililokuwa linatulisha, na nikilitazama nilikuwa siwezi kumeza chakula. Mchungaji alikuja, wazee wa kanisa walikuja, wakasoma mistari mizuri, nikawashukuru, wakaondoka. Kisha akaanza kuja mama mmoja wa kwaya, mzee kuliko mimi, aliyekuwa mjane. Alikuja Jumanne. Alivuta kigoda, akajaza dagaa kwenye ungo wake, akaanza kuchambua pamoja nami, anatoa mawe na vipande vya makombe. Hakuhubiri. Alichambua mpaka saa kumi, akakung'uta kanga, akasema, "Haya, mdogo wangu, Jumanne ijayo." Alikuja hivyo zaidi ya mwaka mzima. Siku moja, sijui hata ilianzaje, nilimwambia jina la mdogo wangu. Sikuwa nimelitamka tangu matanga. Akalirudia taratibu, akaendelea kuchambua. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, nikakaa benchi la mwisho.

Ukiniuliza Mungu alikuwa wapi ile miaka miwili, nitakuambia alikuwa juu ya kigoda kile. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Kwa hiyo, mwanangu, ukisali ukaona ukuta, usihesabu kwamba umeachwa. Tazama ni nani anakuja kukaa na wewe. Na kama hakuna anayekuja, niandikie tena, tutamtafuta.

Sasa swali lako kubwa, la kazi. Nataka usome Yohana sura ya 21, usome kama mpishi, maana wengi tunaisoma kama wavuvi tu. Petro amemkana Bwana mara tatu. Bwana amekwisha kufufuka, lakini Petro bado hajui afanye nini na maisha yake, anasema, "Naenda kuvua samaki." Amerudia kazi ya zamani, kama wewe ulivyorudi mezani na samaki wako 30. Wakakesha, wasipate kitu. Kulipokucha, kuna mtu amesimama ufukweni. Wanaposhuka wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana wa mbingu na nchi, aliyeshinda mauti, amewasha jiko la mkaa kandokando ya ziwa asubuhi na mapema, anawaambia watu waliochoka na waliolowa, "Njoni mfungue kinywa."

Mwanangu, hiyo ni kazi yako. Ndivyo ulivyofanya kwa miaka 14, saa hiyohiyo, kando ya maji, kwa watu waliokesha njiani. Bwana wetu hakuona kwamba kazi hiyo ni ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona baada ya kuisoma sura hiyo miaka mingi. Injili ya Yohana inataja moto wa makaa mara mbili tu. Wa kwanza uko katika sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro anaota moto na kusema hamjui Yesu. Wa pili ni huu wa ufukweni. Wewe na mimi tunaijua harufu ya mkaa, inaingia kwenye nguo na nywele, unaamka nayo kesho yake. Nadhani Petro alipoivuta harufu ile asubuhi ile aliukumbuka uani, na aibu yake yote ikarudi. Na hapohapo, mbele ya harufu ileile, akalishwa kwanza. Maswali yalikuja baada ya kula. Akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na mara tatu akapewa kazi, na kazi yenyewe ikaanza na neno hili: lisha.

Wewe umeniandikia kana kwamba kazi yako ilikuwa foleni. Foleni ilikuwa mahali tu pa kazi. Kazi yako ilikuwa kulisha watu walio mbali na nyumbani kwao, na watu hao hawajaisha duniani kwa sababu daraja limejengwa. Tumaini ninalokuombea halina ahadi kwamba magari yatarudi kupanga mstari mbele ya meza yako. Hayatarudi, na atakayekuambia yatarudi anakudanganya. Nakuombea umwone Bwana ufukweni kabla hujajua utafanya nini, ule kwanza anachokupa leo, halafu umsikie akikutuma.

Yupo wa kulishwa karibu nawe. Bukumbi si mbali na hapo kwako. Kuna hospitali, na penye hospitali kuna wanaouguza: wake, mama wakwe, kaka aliyelala sakafuni chini ya kitanda. Hao saa kumi na mbili asubuhi wanataka uji wa moto na chapati, na hawana nafasi ya kwenda mbali. Nenda kwanza siku moja na sufuria moja ya uji, ugawe bure kwa kadiri ya uwezo wako, ukae nao, usikilize. Siku ya pili utajua wanahitaji nini na wanaweza kulipa kiasi gani. Omba ruhusa kwa wahusika, usipange meza kienyeji. Ikishindikana, kuna Usagara, njia ya Geita inapoachana na ya Shinyanga. Watu wanashuka pale, wanapanda pale, na penye kushuka na kupanda pana njaa. Sikuamuru. Nakuonyesha tu kwamba sahani zako bado zina watu.

Na kwa kuwa nimeitaja Bukumbi, niseme neno. Wamisionari waliouanzisha utume ule mwaka 1883 walikuwa wametoka Buganda, walikuwa wameiacha kazi yao kule wakivuka ziwa kuja huku kusini, na waliowabatiza waliwaacha nyuma. Mtu angewaona siku ile angesema kazi yao imekufa. Mimi ni wa AIC, Kanisa la Africa Inland, historia ya Wakatoliki si ya kanisa langu, lakini nikipita barabara ile huwa nawakumbuka. Walifika kama watu walioshindwa, na leo wajukuu wa wajukuu wa wenyeji waliowapokea wanasali palepale.

Kuhusu kausha damu, nisikilize kama mama. Usikope kwingine kulipa hapo, hata kwa siku moja. Usiweke rehani vyumba vyako. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji au mtu mzima mwingine wa kuaminika, mdai deni liandikwe limebaki kiasi gani, na uombe kulipa kidogokidogo kwa kiasi unachokiweza kweli. Halafu tafuta akina mama wenzako wa kivukoni, mjiandikishe kuwa kikundi, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Si fedha za kugombania peke yako, ni za kikundi, na nafurahi kwamba ni za kikundi, kwa sababu sasa hivi kila mmoja wenu analia ndani kwake akidhani yuko peke yake.

Miaka 47! Mimi nilianza kuimba kwaya nikiwa na 51. Jumatatu ijayo, kabla hujaenda kwenye marejesho, kunywa chai. Nami saa hiyo nitakutaja kwa Mungu.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa miaka 28, nilimaliza shahada ya ualimu wa Kiswahili na historia mwaka 2021. Tangu hapo nimeomba ajira kila zilipotangazwa. Sasa naendesha bodaboda stendi ya Nyegezi, chombo si changu, hesabu kwa siku ni 10,000. Mwaka huu nilikwenda kwenye huduma moja, mtumishi akaniambia nipande mbegu ya 200,000, ndani ya siku 90 nitapata barua ya ajira. Nilikopa nikatoa. Siku 90 zimepita. Nimerudi, nimeambiwa imani yangu ilikuwa na ufa, niongeze mbegu nyingine. Nyuma ya pikipiki yangu nimeandika Yeremia 29:11. Bibi, je, ni kweli nimekosa imani? Wenzangu wakinikuta na abiria huwa nashusha kofia nisionekane.

Mwalimu asiye na darasa, Nyegezi

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Hukukosa imani. Umetapeliwa. Usitoe hata shilingi moja tena. Katika Matendo sura ya 8, Simoni alipoleta fedha apate karama, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Petro hakumwambia aongeze. Sadaka ni kitu kitakatifu, mimi natoa na nitaendelea kutoa, lakini ajira haiuzwi madhabahuni, na anayeiuza hana ya kuuza. Limeniuma sana jambo hili. Umekaa juani unahesabu mia tano mia tano, halafu mtu akazichukua kwa jina la Bwana wangu.

Mstari ulioandika nyuma ya pikipiki naupenda. "Nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Uko kwenye daladala, uko kwenye kanga, uko kwenye kalenda za maduka. Lakini soma sura nzima, na anza na ile iliyotangulia, ya 28. Watu wa Yuda wamechukuliwa mateka Babeli. Anatokea nabii Hanania, anatangaza mbele ya watu wote kwamba ndani ya miaka miwili tu mambo yatakuwa yamekwisha, nira imevunjika, mtarudi. Hebu fikiri walivyoshangilia. Yeremia ndiye aliyekuja na habari ngumu: Bwana hakumtuma Hanania. Kisha akawaandikia mateka barua, na kabla ya ule mstari wako wa 11 upo wa 10, unaotaja miaka 70, na upo wa 5: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mkale matunda yake. Tena wa 7, wautakie amani mji ule waliochukuliwa kwenda kukaa.

Wewe ulikutana na Hanania wako, naye amekupa siku 90 badala ya miaka miwili. Barua ya Yeremia inakuambia nini? Inakuambia Mungu anakuwazia amani ukiwa palepale stendi, pikipiki si yako, barua ya ajira haijafika na pengine haitafika mwaka huu. Na inakuambia upande bustani hapohapo.

Nina bustani moja ya kukuonyesha. Hapo mtaani kwako kuna watoto wa darasa la saba ambao mama zao wanauza mboga mpaka saa mbili usiku, na hakuna wa kuwasomesha. Mwombe mchungaji wako, yule wa kanisa lako, benchi nne na ubao, jioni mbili kwa wiki. Watakaoweza watachangia kidogo, wasioweza waache. Mwalimu hafanywi na barua ya ajira. Nimemwona kijana akifundisha watoto 12 chini ya mwembe kule Buzuruga, kwa chaki za kuokoteza, na watoto wale walikuwa wanasimama akifika. Endelea kuomba ajira, zikitangazwa omba tena, usiache hata moja. Lakini usiishi chumbani ukisubiri.

Na ile kofia uipandishe. Unabeba wazee wanaotoka vijijini na magonjwa yao, unawafikisha Bugando salama. Abiria wako wa kesho asubuhi msalimie kwa jina la Bwana, umwulize anakwenda wapi na kwa nini. Utashangaa ni wangapi wanahitaji kuulizwa.

*

Mama, salaam. Mimi ni mzee mwenzio, niko Ukerewe, nimevua dagaa tangu ujana. Samaki wamepungua, vijana wamehama, mke wangu amefariki mwaka jana. Kanisani nakwenda. Ila nikiwa peke yangu maneno ya kusali hayaji kabisa. Nakaa kimya mpaka usingizi unanichukua. Nifanyeje?

Mvuvi mzee, Ukerewe

*

Pole sana, mzee mwenzangu. Pole kwa mama.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwezi ukiwa mpevu hakuna anayeingia ziwani kwa dagaa. Taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa wanatawanyika. Siku hizo mnafanya nini? Mnakaa mwaloni mnashona nyavu. Hakuna anayewaambia wavuvi wa mbalamwezi kwamba wameacha uvuvi. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, Bwana aliwakuta hivyohivyo chomboni na baba yao, wanatengeneza nyavu, na akawaita wakiwa katika hali hiyo.

Basi usiyatafute maneno. Ukikaa kimya mbele za Mungu mpaka usingizi ukakuchukua, umelala mbele zake, na hilo linatosha kwa usiku mmoja. Ukitaka sauti, tumia ya wengine: sema Baba Yetu taratibu, mara moja, usiongeze kitu. Au taja jina la mke wako, halafu nyamaza. Mimi ndivyo ninavyofanya kwa mdogo wangu.

Na tafuta nyavu yenyewe ya kushona. Nina maana nyavu kabisa, ya uzi. Mwite kijana mmoja kati ya waliobaki kisiwani, umfundishe fundo lako, kaeni pamoja kila wiki siku ileile. Huna haja ya kumhubiria.

Ukivuka kuja Mwanza, nipo Kirumba, Mwaloni, upande wa magunia ya dagaa yanayokwenda Kongo. Jumanne nachambua mpaka saa kumi. Kigoda cha pili kipo.